Povu Chini ya Mlango

Mume wangu alijifunza kupanga vigae kwa kutazama video kwenye simu. Fundi tuliyekuwa naye alitumalizia kuta na bati, akaondoka kwenda kwenye kazi nyingine, na bafu likabaki na sakafu ya zege tupu. Mume wangu akasema kazi iliyobaki si ya kumwita mtu. Akanunua pima maji, ile rula ya njano yenye kichupa katikati na kiputo cha hewa ndani yake, na kila Jumamosi tulichuchumaa wawili bafuni, yeye akipanga, mimi nikikoroga saruji. Akishalaza kigae anaweka pima maji juu yake, kiputo kinakimbilia upande mmoja, anagonga kwa nyundo ya mpira, kiputo kinarudi taratibu mpaka kinasimama kati ya vile vistari viwili.

"Hapo hapo," nilikuwa nikimwambia. "Usiguse tena."

Sakafu ile ilinyooka. Ungeweka pima maji popote, kwenye kona, mlangoni, karibu na tundu la maji, kiputo kingesimama katikati. Tuliona fahari mpaka wageni wakawa wanaonyeshwa bafu kabla ya kukaribishwa kiti. Waliguna, wakasifia rangi, wakarudi sebuleni kunywa chai. Hakuna aliyetuambia kwamba sakafu ya bafu hutakiwa iiname. Labda waliona, wakaona haya kutuharibia furaha. Maji hayakujua pa kwenda, yalituama, na kila aliyeoga alilazimika kuyasukuma kwa ufagio mpaka kwenye tundu. Tukasema hilo ni jambo dogo.

Nyumba yetu iko juu kwenye mawe, upande wa mlima unaoangalia Igogo, na ukisimama getini unaona ziwa lote lililo chini. Mume wangu anafanya kazi Geita, anakuja mwisho wa wiki. Mimi ni mwalimu wa kemia. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa watu waangalie viputo vinavyotoka kwenye mrija, kisha waandike walichoona, siyo walichotaka kuona. Mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, niliona nilichotaka.

Baba mkwe alikuja kukaa nasi baada ya kupata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, na mguu wa upande huo ukawa wa kuburutwa. Kwake ni ng'ambo ya Busisi, ndani huko baada ya Sengerema, na hospitali walitaka aje mjini kila wiki kwa mazoezi ya viungo. Daraja limefupisha safari, hilo hakuna anayebisha, lakini halijamwondolea mtu mwenye mguu mmoja mzima adha ya kupanda pikipiki kutoka kijijini mpaka barabara kuu. Ikaamuliwa akae kwetu mpaka mkono urudi. Mtaalamu wa mazoezi alituambia waziwazi kwamba akiacha katikati, vidole vitajikunja na kubaki hivyo hivyo.

Baba mkwe hakuwa akiongea na mimi. Naomba nieleweke: hatukuwa na ugomvi. Kwao, katika familia yao, baba mkwe na mkamwana hawazungumzi ana kwa ana, hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na mmoja hapiti mahali ambapo mwingine anaweza kumwona akiwa nusu uchi. Nimewahi kuwauliza Wasukuma wengine, wapo walioniambia kwao mambo hayo yaliisha zamani. Kwa baba mkwe hayakuwa yameisha. Asubuhi nilipiga goti mlangoni kwake nikasema shikamoo, yeye akaitika marahaba akiangalia dirisha, na hapo maneno yetu ya siku yakawa yamekwisha. Yaliyobaki yalipitia kwa binti yangu, ambaye alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza.

"Mwambie mama yako dagaa wa leo wana chumvi nzuri."

"Mama, babu anasema dagaa wana chumvi nzuri."

"Mwambie babu asante."

Yote hayo tukiwa chumba kimoja, mimi hapa, yeye pale, mtoto katikati akigeuza kichwa huku na huku.

Mimi nimezaliwa Kagera. Kwetu pia wakwe wanaheshimiwa, tunapiga magoti mpaka sketi zinachakaa, lakini tukishainuka tunaongea. Nikaona mambo ya mzee ni kichekesho. Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, kabla hata ya bafu. Ofisini kwa walimu nilikuwa na mchezo wa kumwigiza. Nilikunja mkono wa kulia, nikaangalia dirishani, nikasema kwa sauti nzito, "Mwambie mama yako anipunguzie jua," na wenzangu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Mchezo huo uliwapendeza sana. Nikirudi baada ya siku za mapumziko waliniuliza mzee amesema nini kipya.

Hata hivyo nilimtunza. Kila asubuhi jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi kwenye kivuko cha Busisi miaka yote kabla ya daraja, alikuja kumsaidia kuoga. Alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akafungua bomba, akasimama nje akimpigia hadithi za abiria mpaka amalize. Sabuni ya kipande ilikuwa ikimponyoka baba mkwe kwa kuwa alishika kwa mkono wa kushoto tu, basi nikamnunulia sabuni ya maji, chupa kubwa yenye kibonyezo juu. Nilichagua ile yenye povu jingi kuliko zote. Siku ya kwanza alituma ujumbe.

"Mwambie mama yako sabuni yake inanukia harusi."

Aliipenda. Alimfundisha mjukuu wake kuikoroga na maji kwenye kikombe, akamkatia bua la jani la mpapai kwa kisu, bua akiwa ameliminya kati ya magoti, na mtoto akakaa barazani akipuliza viputo vinavyopanda juu ya mawe na kupotea upande wa ziwa. Baadaye mzee naye akawa anapuliza, bua likiwa mkono wa kulia. Mtaalamu wa mazoezi aliposikia akafurahi, akasema vidole vimeanza kukamata, aendelee hivyo hivyo. Nilipokuwa nikipita barazani, viputo vilikoma. Mzee aliweka bua chini na kungoja nipite.

Siku yenyewe ilikuwa wakati wa likizo ya Juni, saa za asubuhi. Mzee wa kivuko alikwenda msibani, akatuma salamu kwamba hatakuja. Nikajua baba mkwe atasubiri kesho yake. Sikufikiri kwamba mtu aliyezoea kuoga kila asubuhi hawezi kukaa na jasho lake kwa sababu jirani ana msiba. Nilikuwa jikoni nachambua mchele nikasikia bomba la bafu. Nikasema moyoni, labda ananawa uso.

"Mama," binti yangu aliita kutoka koridoni. "Povu la babu linatoka nje."

Nikatoka. Povu lilikuwa likipenya chini ya mlango wa bafu, jeupe, taratibu, likienea kwenye sakafu ya koridoni. Mtoto alikuwa ameweka kikombe chake kando, analitoboa kwa kidole. Sakafu yetu iliyonyooka ilikuwa imeshindwa kuyapeleka maji kwenye tundu, na sasa yalikuwa yanatafuta njia ya mlangoni.

Nilifungua mdomo niseme "Baba," nikaufunga. Muda wote aliokaa kwetu sikuwahi kumwita. Nikamwambia mtoto, "Muulize babu kama yuko salama."

"Babu, mama anauliza kama uko salama."

Bomba likafungwa.

"Mwambie mama yako niko salama."

Sauti ilitoka chini. Haikutoka kwenye urefu wa mtu aliyekaa kwenye kiti, ilitoka pale pale povu lilipokuwa likitokea.

"Muulize babu kama ameanguka."

"Babu, umeanguka?"

"Mwambie mama yako sijaanguka. Nimekaa."

"Amekaa," mtoto alinifikishia.

"Muulize kama anaweza kusimama."

Nilisikia kitu kikikwaruza ukutani, halafu pumzi, halafu kishindo kidogo cha mtu aliyejaribu akarudi chini.

"Mwambie mama yako chumvi imekwisha. Aende dukani."

Chumvi haikuwa imekwisha. Pakiti ilikuwa jikoni haijafunguliwa, na yeye mwenyewe alimwona mtoto akiipokea jana yake. Nikaelewa. Alitaka nitoke kwenye nyumba ili ajiburute mpaka chumbani kwake hivyo alivyo, bila jicho la mtu.

Nikaenda. Nilivaa ndala, nikatoka mpaka getini, nikijiambia kwamba natafuta mwanaume wa kunisaidia. Kwenye kona palikuwa na vijana wa bodaboda, vijana wazuri tu, mmoja wao hunibebea mizigo kutoka sokoni. Nikainua mkono niwaite. Kisha nikawaona wakiingia na kofia zao ngumu mle bafuni, na nikasikia jinsi watakavyosimulia kijiweni jioni, nani alishika wapi, mzee alisema nini. Nilijua kabisa stori hiyo itakavyokwenda na mahali ambapo watu watacheka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kusimulia stori zake. Nikashusha mkono. Mmoja wao alidhani nampungia, akanipungia pia.

Nikarudi.

"Mwambie babu nimerudi."

"Babu, mama amerudi."

"Na chumvi?" iliuliza sauti ya chini.

"Hana chumvi," alisema binti yangu, mtoto asiyejua kuficha.

Nikamwambia achukue kikombe chake akakae barazani. Akakataa. Akaniuliza, "Sasa nani atawaambia?" Nikamjibu kwamba safari hii nitasema mwenyewe. Aliniangalia kwa mashaka, akaondoka akigeuka nyuma kila hatua.

Mlango wetu unafungukia nje, na komeo hakuwa akilifunga kwa sababu daktari alikataza. Nikashika kitasa.

"Baba," nilisema. Neno lilitoka kavu. "Baba, naingia kinyumenyume. Sitageuka."

Nikafungua, nikaupa mlango uso na bafu mgongo, nikaanza kuingia. Nilipiga hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu ndala ikateleza kwenye ile sakafu yetu ya fahari. Nilianguka kwa makalio, maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Povu likaruka mpaka kwenye nywele zangu. Tukakaa hivyo, wawili, chini.

"Umeumia?" aliuliza.

Kama ukiacha marahaba, hilo ndilo neno la kwanza kuniambia mimi.

"Hapana, baba."

"Usigeuke."

"Sigeuki."

Nawafundisha wanafunzi waandike walichoona. Mimi sikuona kitu, nilisikia tu. Nilisikia povu likipasuka, mlio mdogo wa kuchachata, wa soda iliyomiminwa sasa hivi kwenye glasi. Juu ya mlio huo nikasikia kibonyezo cha chupa ya sabuni, kwi, kwi, na kiganja kikisugua haraka haraka. Povu likipungua, kwi, kwi tena. Ilinichukua muda kuelewa anachofanya. Taulo lilikuwa limetundikwa juu kwenye msumari asikoweza kufika, kwa hiyo mzee alikuwa anajivika povu. Muda wote aliokuwa akinituma chumvi alikuwa akijiongezea nguo kwa mkono mmoja, na nguo ile ilikuwa inapasuka kila anapoivaa. Mpaka leo, nikiwa naosha vyombo, nikisikia povu likitulia kwenye beseni, nashika kingo za sinki na kungoja lile jambo linipite.

Nilikuwa nimejifunga kitenge juu ya gauni. Nikakifungua, nikakipitisha juu ya bega bila kugeuza shingo. Kikachukuliwa. Nikangoja. Mkono mmoja haufungi kitenge haraka, na mimi sikuthubutu kumuuliza kama nimsaidie.

"Weka mgongo," alisema mwishowe.

"Baba?"

"Mgongo kwa mgongo. Miguu yako ikanyage ukuta. Nikisema, tunasukumana."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha ng'ombe, na nilishukuru, kwa sababu mimi nilikuwa sina sauti. Nikajisogeza nikaelekea ukuta wa pembeni, nikajivuta nyuma mpaka migongo ikagusana. Wake ulikuwa wa moto na wenye mifupa. Katika maisha yake hakuwahi kumgusa mkamwana, na katika maisha yangu sikuwahi kufikiria kwamba yule mzee wa mchezo wangu ana mgongo. Yeye akashika bomba kwa mkono wa kushoto. Mara ya kwanza sabuni ilitutelezesha tukarudi chini. Mara ya pili tukapanda, polepole, mimi nikisukuma kwa miguu na yeye akiguna, mpaka tukasimama. Nikabaki nimeangalia vigae. Akapita nyuma yangu akishika ukuta, akatoka, akauburuta mguu koridoni, na sikusogea mpaka nikasikia kitanda chake kikilia.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, kwa nini babu amevaa kitenge chako?"

Kitenge hakikurudi, na sikukiulizia.

Baada ya siku hiyo nyumba ilibadilika. Nilipopiga goti kusema shikamoo, marahaba ilitoka kwa shida, ikageuka kikohozi. Hakutoka tena barazani kupuliza viputo. Mimi nami nilipita mlangoni kwake haraka, macho chini, nikidhani namheshimu. Mzee wa kivuko alirudi kutoka msibani, akamkuta hataki kuzungumza. Mtoto akaniletea ujumbe.

"Babu anasema anataka kwenda kwake."

Mume wangu alinipigia simu, kwa kuwa baba yake alishampigia. "Kuna nini huko?" Nikasema aliteleza kidogo. Nilishindwa kusema zaidi ya hapo. Kulikuwa na mwalimu mwenzangu pia, aliyenipigia kunisalimu na kuuliza, huku ameshaanza kucheka, mzee katoa gani mpya. Nikamwambia simu haisikiki vizuri, nikakata.

Jumamosi mume wangu alikuja, na mezani binti yangu akamweleza yote bila kuulizwa. "Baba, mama na babu walikaa kwenye povu. Halafu mama akasema uongo kwamba hakuumia." Mume wangu akaweka kijiko chini. Akaenda stoo, akatoa pima maji, akaingia bafuni. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti, rula iko sakafuni, na kiputo kimesimama katikati kabisa, kati ya vistari viwili, pale pale tulipokiacha tukishangilia.

"Hapo hapo," alisema, na hakuniangalia.

Akachukua nyundo, siyo ile ya mpira. Alivunja vigae siku nzima. Jumapili alipanga upya, hovyo hovyo, vya rangi mbili kwa sababu vya zamani havikutosha, na safari hii kila akiweka pima maji kiputo kilikimbilia upande wa mlangoni, kuonyesha kwamba upande wa tundu umeshuka. Ni bafu baya sasa. Hakuna mgeni anayeonyeshwa. Baba mkwe alizisikia nyundo zote kutoka chumbani, na jioni akatuma ujumbe uleule, kwamba anataka kwenda kwake.

Habari ikamfikia wifi yangu. Vijana wakiona mtu anafoka kwenye simu husema anatoa povu, na wifi alilitoa katika kundi la familia mpaka mashangazi wa mbali wakaamka. Baba anavunjiwa heshima mjini, aliandika. Mmejenga bafu la kuonyesha watu, siyo la kuogea. Hilo la mwisho lilinichoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Niliandika jibu refu, povu langu mwenyewe, nikataja chakula nilichopika na nguo nilizofua. Nikalisoma. Nikalifuta, nikaandika tu, "Pole, wifi. Njoo."

Akaja na gari la kukodi kumchukua. Nilimtegemea aje na moto, lakini alipoingia jikoni na kuniona alivuta kiti akakaa.

"Hakukasirikii," alisema.

"Sasa anaondoka kwa nini? Vidole vimeanza kukamata. Akienda kule ndiyo basi, nani atamleta kila wiki?"

"Anasema unapita mlangoni kwake kama mtu anayepita jalalani."

"Namheshimu!"

"Najua. Yeye anaona unamwonea kinyaa." Akasogeza kiti karibu. "Nimemwomba abaki, hataki. Kaka kamwomba, hataki. Sisi ni watoto wake, tutasema nini kingine? Nyumba ni yako wewe."

Kumwomba kulihitaji kumwita, na kumwita kulikuwa ni kukiri mbele ya watu kwamba siku ile tuliongea. Ningeweza kukaa kimya na kila kitu kingekwisha. Gari lingeshuka mlima, lingevuka daraja, nisingepiga goti tena kwenye mlango ule na kusikia kikohozi. Niliiona nafuu hiyo vizuri kabisa, na nikaona aibu kuliko nilivyoona bafuni.

Baba mkwe akatolewa akishikwa na wifi. Mimi nilikuwa nimesimama getini, nimelishika geti kwa mikono miwili, mgongo nimelipa gari. Nikasikia mlango wa mbele wa gari ukifungwa. Nikasikia injini ikiwashwa. Binti yangu alikuwa amening'inia dirishani kwa babu yake.

"Mwambie babu..." nilianza.

"Mwambie mwenyewe," alisema mtoto. "Si mliongea bafuni?"

Dereva akacheka, akageuza kicheko kikawa kukohoa. Wifi, aliyekuwa amekuja kusimama kando yangu, akaangalia chini. Masikio yangu yaliwaka moto. Watu wawili walikuwa wakipita njiani na ndoo kichwani, nao wakapunguza mwendo, maana hakuna Mkristo wala mpagani anayepitwa na jambo kama hilo.

"Baba," nilisema, nikiliangalia geti. Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Baba, usiondoke. Nilikucheka kwa watu. Nilikuwa mjinga. Bafu limeinama sasa. Baki. Mimi sitageuka."

Injini iliendelea kunguruma. Nilihesabu misumari ya geti na kuikosea, nikaanza upya. Halafu nikasikia sauti yake, chini chini, ikisema na mtoto, na nyayo ndogo zikaja mpaka kwangu. Akanivuta gauni.

"Babu anasema chumvi imekwisha. Uende dukani."

"Chumvi gani tena?" wifi aliuliza. "Si nimeona pakiti jikoni?"

Nilikuwa nimeshaanza kushuka. Sikugeuka. Duka liko karibu, nikalipita. Nikateremka kwa ngazi za mawe mpaka Igogo, nikaingia duka la kule chini, nikaomba chumvi, kisha nikakumbuka kwamba sikubeba hata shilingi. Mwenye duka ananifahamu, akanipa, akaniuliza kama nalia au ni vumbi la Juni. Nikasema ni vumbi. Nikasimama pale kivulini muda mrefu nikisoma maandishi ya kwenye pakiti.

Nilirudi kwa njia ndefu. Gari halikuwepo getini. Kwenye baraza, mbele ya mlango, zilikuwepo ndala zake, ya kushoto imekaa sawa, ya kulia imelala upande kama mguu wake unavyoiacha siku zote. Nikaingia jikoni, nikaweka ile chumvi kando ya nyingine.